Ngwe ya Nne

Nilipanda majani ya aina nne, na yaliyobaki ni aina moja tu. Watu wanaopita njia ya Rudewa huniuliza kwa nini nimejaza shamba zima ukoka, jani ambalo wengine wanaling'oa kwa matusi, na mimi huwajibu kwamba ng'ombe wangu wanalipenda. Hilo ni kweli. Ukweli wote sijamwambia mtu isipokuwa Samson, na Samson hakuhitaji kuambiwa sana kwa sababu alikuwepo.

Nilirudi Rudewa kwa ajili ya baba. Nilikuwa Mikumi miaka kumi na minane, nikipika kwenye mgahawa wa wasafiri, mpaka binti yangu Loveth akakua na kupata kazi yake. Ndipo jirani akanipigia simu kwamba Mzee Vitalis ameonekana anatoa godoro nje kulianika mwenyewe, na ameanguka nalo. Baba alikuwa na miaka themanini na nne, jicho moja limeingia ukungu, nyonga imekwisha, na hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Nilifunga virago siku ileile. Nilikuja na hasira pia, sifichi. Nilimkasirikia kwa kuzeeka. Nilijiambia kwamba maadamu mimi nimeacha maisha yangu kwa ajili yake, basi na yeye ataishi, na niliona kama tumekubaliana hivyo ingawa sikuwahi kumuuliza.

Nilichukua ng'ombe wanne wa maziwa. Kiangazi cha kwanza nusura waniishie mikononi. Kuswaga ng'ombe kutafuta malisho kwetu ni kujitafutia kesi, maana kila kichaka kina mkulima upande huu na mfugaji upande ule, na wote wana fimbo. Nikaamua nipande majani ya kudumu, yale unayopanda mara moja, ukayakata, ukayaanika, ukayafunga hei, nayo yakachipua tena bila kukuomba ruhusa. Godfrey, bwana mifugo wetu, akanionya nisikurupuke.

"Usipande shamba zima, mama Loveth," alisema. "Panda vipande vinne vidogo. Halafu kata, uone lipi linarudi. Jani la hei halijulikani kwa kuota. Linajulikana likishakatwa."

Alinipa mbegu za aina tatu. Ya kwanza ni gini, jani refu lenye upana mzuri, ila shina lake nene linachelewa kukauka. Ya pili ni Rhodes, laini, lenye vichwa vilivyochanua mfano wa vidole. Ya tatu ni mkia wa mbweha, gumu kwa ukame, lenye suke la manyoya. Aina ya nne alikosa. Baba, aliyekuwa amekaa kizingitini akijifanya hasikii, akasema, "Ya nne ukoka." Godfrey alicheka. Baba hakucheka. Alikwenda na mkongojo wake mpaka chini, karibu na kambi ya zamani ya manamba, wale vibarua wa mkataba wa mkonge, akachimba vikonyo vya ukoka mwenyewe, akavileta kwenye kofia.

Hata kupima alipima yeye. Nilitaka kutumia futi kamba, akaniambia niache upuuzi, akatoa kamba yake ya katani yenye mafundo. Alipima hatua kumi kwa ishirini, akapigilia kigingi, akapima tena, mpaka vikawa vipande vinne vilivyolala ubavu kwa ubavu.

"Hizi si ngwe, baba?" nilimuuliza. Ngwe ni kile kipande cha kazi ambacho nyapara alikuwa akimpimia mtu asubuhi kwenye mkonge; ukikimaliza, siku yako imehesabiwa.

"Mimi sijui kipimo kingine," alijibu.

Sikuwaza kitu. Sehemu ile ya chini ilikuwa ya mkonge tangu zamani. Nilipokuwa mtoto mistari yake ilikuwa bado inaonekana. Babu yangu Petro aliletwa kutoka Songea kuja kuukata, akafia hapo kabla mimi sijazaliwa, akazikwa kwenye makaburi ya kambi yasiyo na hata jiwe. Zaidi ya hayo baba hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kudadisi. Tulipanda mvua za masika zilipoanza, na kufika mwezi wa sita majani yote manne yalikuwa yamesimama vizuri, na nilikuwa nimeshatengeneza sanduku la mbao la kufungia marobota.

Asubuhi moja nikateremka na ng'ombe, nikakuta gini yote imekatwa.

Nilitukana kwanza. Nilidhani ni mwizi. Lakini mwizi wa majani huondoka na majani, na haya yalikuwa hapohapo, yamelazwa kwa mistari iliyonyooka toka kigingi hadi kigingi. Tena yalikuwa yamefungwa. Si kwa mizigo ya kubeba kichwani, bali kwa vifungu vidogo vya kijinga, kila kimoja kimekazwa kwa jani lake lenyewe. Nani anafunga hei kwa vifungu vya kushika mkono mmoja? Nikafungua kimoja kwa hasira nikahesabu mashina. Thelathini. Nikafungua cha pili, thelathini. Cha tatu nikakihesabu taratibu, na nilipofika thelathini nilikirudisha chini bila kukitupa.

Kesho yake Rhodes nayo ilikuwa imelala vilevile.

Nilipanda nyumbani nikihema. Baba alikuwa anakunywa uji kizingitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna mtu anatufanyia mchezo kule chini. Anakata majani yetu, anayafunga thelathini thelathini."

Alishusha kikombe. Uji ulimwagikia kidole gumba na hakuupangusa.

"Amekata ngapi?"

"Mbili."

"Basi zimebaki mbili," alisema, akaingia ndani, na siku nzima hakutoka.

Siku ya tatu nilikwenda kuvizia. Jua lilikuwa limeshatoka, ukungu unainuka kutoka bondeni, na nilikuwa na panga na chupa ya chai. Mkia wa mbweha ulikuwa umesimama mzima. Niliupitishia mkono kuhakikisha. Nikakaa kwenye kichuguu, ng'ombe wangu wanne wakiwa nyuma ya kigingi cha mwisho, wakichuma majani ya pembeni.

Wakaacha kula wote kwa pamoja. Waliinua vichwa wakatazama pembe ya shamba ambako hapakuwa na mtu. Halafu vichwa vyote vinne vikaanza kugeuka, polepole sana, kushoto kwenda kulia, mpaka mwisho wa ngwe. Vikasimama kidogo. Vikaanza kurudi, kulia kwenda kushoto. Nimepika mgahawani miaka mingi, najua jinsi kichwa kinavyomfuata mtu anayefanya kazi. Walikuwa wanamtazama mtu anayekata mstari, akifika mwisho anageuka, anakata mwingine.

Nikasikia kikohozi. Kilikuwa kikavu, cha kifua kilichoharibika zamani, na kilitoka kwenye majani hatua chache mbele yangu.

"Mama Loveth! Shikamoo!"

Niligeuka nikiwa nimeinua panga. Alikuwa Samson, mfugaji jirani yangu, na kundi lake lote lilikuwa limegoma kwenye njia. Anawapiga fimbo, hawasogei. Aliwatazama ng'ombe wake, akawatazama wangu, na mkono wake wenye fimbo ukashuka.

"Kuna mtu hapo," alisema.

"Humwoni mtu."

"Mimi simwoni. Hao wanamwona." Akaanza kuligeuza kundi lake. "Mimi nazungukia kwa juu, mama."

Nilipotazama tena shambani, mkia wa mbweha ulikuwa umelala wote, umefungwa, kila kifungu mahali pake. Nilikuwa nimegeuka kwa muda wa kuitikia salamu tu. Na salamu yenyewe, nakumbuka sasa, sikuiitikia.

Siogopi kirahisi, lakini nilipanda kile kilima nikikimbia na chupa ya chai niliiacha hukohuko. Baba alikuwa kitandani. Ameweka mapajani kopo la biskuti lililoota kutu, ambalo tangu nikiwa mtoto nilikatazwa kuligusa.

"Kaa," alisema. "Amemaliza ya tatu, sivyo?"

Nikakaa.

Alinieleza yote bila kunitazama. Manamba alifanya kazi kwa kipande, kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza ngwe yako, karani anatia alama kwenye chumba kimoja. Mkonge unafungwa majani thelathini kila kifungu, na kifungu kikipungua nyapara anakikataa, na siku yako inakufa. Babu Petro alikuwa kwenye kipande chake cha mwisho. Kikijaa, mkataba umekwisha, na kambi inampa yeye na familia yake hati ya kurudi Songea. Alifika chumba cha ishirini na sita, kifua kikamlaza.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," baba alisema. "Akaniita mkekani. Akaniambia, nimalizie siku nne, Vitalis, twende nyumbani. Nyapara alikubali, maana nilikuwa na mwili mkubwa. Asubuhi nikachukua mundu nikaenda. Nikakuta wenzangu wanaogelea mtoni."

Aligeuza kopo mapajani.

"Sikukata hata jani moja, Regina. Siku zote nne nilikwenda mtoni. Jioni narudi, nimejipaka vumbi, ananiuliza, zimebaki ngapi? Nasema tatu, baba. Kesho yake nasema mbili. Siku ya nne akaniuliza, zimebaki ngapi? Nikasema hakuna, baba. Akafurahi. Akasema, basi kesho tunaondoka. Usiku uleule akafa. Mama yangu alipopeleka kipande, karani akacheka, akasema hakijajaa. Hatukuondoka. Na yeye tukamzika hapo chini, na alishaniambia tunaondoka wote."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mwepesi. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto ni mtoto, maneno ya namna hiyo, lakini alikuwa ameshafungua kopo. Ndani kulikuwa na kipande chenyewe, kimekuwa cha rangi ya chai, na kijipande cha penseli ya zambarau. Alininyoshea.

"Macho yangu hayaoni. Hesabu."

Nilihesabu. Alama zilikuwa za zambarau, moja kila chumba, zimefifia. Nilihesabu mara tatu, nikiweka kidole. Zilikuwa ishirini na tisa, na tatu za mwisho hazikuwa zimefifia.

"Ishirini na sita," nilisema.

"Unasema uongo," alisema, bila ubaya. "Iliyobaki ni ya kwangu. Nipe mundu wangu."

"Na ukishamaliza?"

"Tunaondoka. Kanisubiri miaka yote hii."

Hapo ndipo hasira ilinipanda kichwani. Nilimwambia nimeacha kazi, nimeacha mtoto wangu Mikumi, sikuja kumpika uji ili aende zake na mtu ambaye hata sura yake siijui. Nilisema mengi, mengine ya aibu. Nilichukua mundu nikaufukia kwenye pipa la pumba. Halafu nikabeba fyekeo, nikateremka mchana ule kwenye ngwe ya nne, nikaufyeka ukoka wote. Niliufyeka ovyo, kama mtu anayeua nyoka, majani yakiruka huku na huku, mpaka viganja vikachubuka. Niliwaza kwamba kama ni kazi, basi imekwisha, na baba yangu bado yuko kitandani kwake.

Alikuwa kizingitini niliporudi. Alikuwa amenisikia.

"Umefyeka."

"Nimefyeka. Kazi imekwisha na wewe uko hapa."

Baba alicheka, cheko fupi. "Haihesabiki hiyo. Hukukata kwa mundu, hukufunga, na wewe si uliyetumwa. Nyapara angekuzaba kofi." Akanipapasa kichwa nilipokaa chini. "Tena ukoka haufi kwa kukatwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetaka jani la namna hiyo."

Mvua ilikuwa imeshaondoka. Kipupwe kilikuwa kinauma, ardhi imekaza, na hapakuwa na jani lolote lenye haki ya kuchipua. Gini, Rhodes na mkia wa mbweha vilibaki visiki vyeupe, havikutoa hata kichomozo kimoja. Godfrey alikuja kukagua, akachutama, akakwangua mizizi kwa kisu.

"Umekata karibu mno na ardhi," alisema.

"Sikukata mimi."

Alidhani namtania. Akasogea kwenye ngwe ya nne akapiga mluzi. Ukoka ulikuwa umetoa machipukizi ya kijani kibichi, umetambaa na kung'ata ardhi kwa kila fundo. Wiki sita, akasema, utakuwa tayari kwa mkato mwingine, na akaandika kwenye daftari lake kwamba ukoka umeshinda. Nilipomweleza baba, alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo la jana.

"Wiki sita ni siku arobaini na mbili," alisema. "Kipande nacho kilipewa arobaini na mbili. Zikipita, kinakufa na kazi yako yote inapotea."

Basi nikajua nina siku arobaini na mbili za kumzuia baba yangu.

Nilipeleka ng'ombe wangu waule ukoka ukingali mfupi. Walisimama kwenye kigingi wakakataa kuvuka, na nilipomvuta mkubwa wao kwa kamba alikunja magoti akalala chini. Nikaenda kumwomba Samson alete kundi lake zima. Nilimkuta anakamua.

"Hapana, mama Loveth. Majani yale yana mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi! Nilipanda mimi!"

"Ulipanda wewe," alikubali, kwa upole ulioniudhi zaidi. Alimwachia ndama akanyonye, akasimama. "Nikuambie kitu, usikasirike. Mzee amechoka. Wewe umemfunga kama ndama asiyetaka kuachishwa. Sasa sijui ndama ni yeye au ni wewe."

Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Njiani nilikuwa nalia, na nililia kwa sauti, maana njia ilikuwa tupu.

Baba alizidi kudhoofu. Nilimpeleka hospitali Kilosa, wakampima, wakasema ni umri, wakatupa dawa za maumivu. Uji alikuwa anameza vijiko vitatu. Lakini kila asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia, aliuliza, "Yamefika wapi?" Alikuwa anauliza kwa mwili wa mtu. Mwanzoni nilimwambia ukweli: yamefika kwenye kisigino. Yamefika kwenye kifundo cha mguu. Kisha yalipoanza kupanda muundi nikaanza kubaki palepale kwenye kifundo.

"Yamefika wapi?"

"Kwenye kifundo, baba."

"Bado tu?"

"Ni kipupwe. Hakuna mvua."

Nilifanya hivyo siku kumi na tatu. Kule chini ukoka ulikuwa umenipita goti, mzito, unanukia tamu, na kila nikiukaribia nilisikia kile kikohozi, sasa kimepungua nguvu, cha mtu aliyekaa chini kusubiri. Sikukiogopa tena. Nilikionea uchungu, na nilijichukia kwa kukionea uchungu.

Siku ya arobaini na moja, jioni, nilimwinua baba nimbadilishie shuka. Alikuwa mwepesi mno. Akaniuliza yamefika wapi, na mimi nikasema kwenye kifundo, baba. Akaniamini. Niliona kabisa alivyoniamini, uso wake ulilegea, akageukia ukutani, akasema, "Sawa, mwanangu. Umejitahidi." Mtu aliyewahi kumdanganya baba yake akiwa kitandani, mara nne, alidanganywa na mtoto wake mara kumi na tatu na hakushuku kitu.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Kisha nikaenda kwenye pipa la pumba, nikachimbua mundu, nikakaa kizingitini nikaunoa kwenye jiwe mpaka ukawa unanyoa nywele za mkono.

"Baba," nilimwambia kulipokucha. "Yamepita goti. Yamepita siku nyingi."

Alinitazama kwa jicho lake zima. Nilijiandaa kusutwa. Alisema tu, "Nivalishe viatu."

Nilimteremsha kwa mkokoteni wa majani, nimemkalisha juu ya magunia. Kwenye kigingi alinikataza nisimshike. Alipiga magoti, kwa kuwa nyonga haikumruhusu kuinama, akakamata ukoka kwa mkono wa kushoto, akakata. Sauti ya mundu ilikuwa safi. Aliweka, akakamata, akakata. Nilikaa kwenye kichuguu mikono nimeikalia, maana ilikuwa inataka kwenda kumsaidia na alishaniambia nikimsaidia jani moja tu siku inakufa.

Alikata asubuhi yote. Mchana nilimpa maji, akanywa akiwa magotini. Ng'ombe walikuwa nyuma ya kigingi, hawali, wanatazama. Wawili walimtazama baba. Wawili walitazama hatua tatu kushoto kwake, na baba alipofika mwisho wa mstari na kugeuka kwa tabu, vichwa vyote vinne viligeuka, viwili kwake na viwili pale pembeni. Alikuwa anaongea pia. Alikuwa anaongea Kingoni, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiongea na mtu tangu bibi afe, na alikuwa ananyamaza katikati, kisha anacheka, kisha anajibu. Mundu wa pili sikuusikia. Yeye peke yake ndiye aliyekata.

Jua lilikuwa limeshainamia milimani alipofunga kifungu cha mwisho. Vilikuwa vimelala mistari myoofu toka kigingi hadi kigingi. Alibaki amepiga magoti, akihema, akanyosha mkono mfukoni akatoa kile kipande na kile kijipande cha penseli.

"Nyapara," aliniita. "Njoo ukague."

Nilikwenda. Nilikagua kweli, maana nilijua akinisikia nadanganya hatanisamehe. Niliokota kifungu kimoja kimoja. Thelathini, thelathini, thelathini. Kwenye mstari wa mwisho, ule aliokata akiwa amechoka kabisa, nilikuta kifungu cha ishirini na nane.

Nilisimama nacho. Baba alikuwa amesikia kwamba nimeacha kuhesabu, na alinitazama kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake. Ningeweza kukikataa. Nilikuwa na haki. Nyapara yeyote angekikataa. Siku ingekufa, kipande kingekufa nacho, na baba angebaki na mimi, akageukia ukutani kila siku mpaka mwisho. Ng'ombe hawakuwa wanamtazama baba tena. Walikuwa wananitazama mimi, na nyuma ya shingo yangu nilisikia pumzi ya mtu mwenye kifua kibovu, amejizuia asikohoe.

"Kimepungua mawili," nilisema. "Malizia."

Baba alipapasa chini, akapata mashina mawili ya ukoka aliyokuwa ameyaacha kando ya kigingi. Akayakata. Akayachomeka kwenye kifungu mkononi mwangu, akakikaza. Nikalowesha penseli kwa ulimi, nikatia alama kwenye chumba cha thelathini. Zambarau ilikolea kwenye karatasi na kwenye ulimi wangu, na ladha yake ya uchungu nilikaa nayo siku mbili.

Jioni ile baba alikula ugali. Alikula na mboga, akaomba na chumvi, akanitania kwamba mgahawa wa Mikumi ulinivumilia kwa huruma tu. Nilimlaza, nikamfunika, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amefumba macho nilipodhani ameshalala.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

Nilimjibu kwa sauti, ili na mwingine asikie.

"Hakuna, baba."

"Basi kesho tunaondoka," alisema.

Nilimkuta amekwenda kulipopambazuka, mikono imelala juu ya blanketi, vumbi la ukoka bado liko kwenye kucha. Sikupiga yowe mara moja. Kulikuwa na ng'ombe wa kukamua, na mikono yangu ilitaka kazi inayoijua, kwa hiyo nilichukua ndoo nikateremka zizini.

Nilikuwa nimekamua mmoja tu walipoinua vichwa. Walitazama mlango wa nyumba. Halafu wakaanza kugeuka, polepole, wote pamoja, wakifuata kitu kilichotoka mlangoni, kikapita uani, kikapita kando ya zizi karibu kabisa na mimi. Wawili walitazama juu kidogo, usawa wa mtu mzima. Wawili walitazama chini zaidi, usawa wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nilisimama na ndoo yangu, nikasema shikamoo, maana mmoja wao alikuwa babu yangu. Kisha vichwa vile vikaendelea kugeuka, vikafuata njia mpaka kwenye barabara iendayo Kilosa, na vilipofika kwenye kona ng'ombe wakatikisa masikio, wakaanza kula.